Pembe Ndani ya Biti Namba Nne

Kwenye ukuta wa studio yetu pale mtaa wa Hai Cinema palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, na bosi alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nene: Moja, harusi. Mbili, kanisa. Tatu, shirika. Nne, mapenzi. Hizo ndizo zilikuwa biti zetu, midundo ya kuimbia, basi. Mwimbaji akiingia, kabla hajaulizwa jina, aliulizwa namba.

Nilifika Juba mwaka wa pili baada ya amani kusainiwa. Nilitoka Nakuru na begi moja na masikio ambayo niliyaamini kupita kiasi. Binamu yangu alikuwa akifanya kazi benki kule, akanipigia simu kuniambia kwamba mji umejaa wanamuziki na hauna fundi wa sauti hata mmoja. Alikuwa ametia chumvi, lakini si sana. Siku hizi nikisema naukumbuka mji ule watu hunitazama kama mgonjwa. Wanauliza, unakumbuka nini, vumbi? Ndiyo, hata vumbi. Nakumbuka kutembea na simu mbili mfukoni, moja yenye namba kama za Uganda na nyingine ya Khartoum, kwa sababu laini hizo mbili zilikuwa haziongei. Nakumbuka maji ya mto yakiuzwa kwa mapipa, na kila mtu kuwa mgeni, hata wenyeji, kwa kuwa nao walikuwa ndio kwanza wamerudi.

Studio ilikuwa kontena. Ndani tulikuwa tumegandisha trei za mayai kila upande ili sauti isirukeruke, na mayai yenyewe tuliyala sisi, asubuhi na jioni, mpaka leo sili yai. Joto lilikuwa la kuivisha mkate. Mwimbaji alitoka humo amelowa, na kama jenereta ya jirani ilikuwa imewashwa tulingoja izimwe, tukinywa chai ya tangawizi kwenye kivuli cha kontena na kuteta watu.

Bosi alizaliwa upande wa Yei, akakulia ukimbizini Uganda, akarudi na Kiswahili cha sokoni na kinanda kimoja kikubwa chenye midundo tayari. Kila mdundo alikuwa ameupunguza au kuuongeza mpaka akaridhika, na baada ya hapo hakutaka uguswe. Mtu akileta wimbo wenye mwendo wake, bosi aliusikiliza kwa heshima, kisha akamwambia achague namba. Nilipomuuliza mara ya kwanza kwa nini, alinijibu bila hasira.

"Watu nataka kitu wanajua," alisema. "Kama hawajui, hawachezi."

Na hakukosea. Mashirika yalileta vikundi vya akina mama kuimba kuhusu kunawa mikono, vyandarua, mabomu ya ardhini, na zote zilikwenda kwenye namba tatu, maneno tu yakibadilika. Siku moja nilirekodi wimbo wa vyandarua na wa mabomu mchana mmoja, nikachanganya viitikio. Redio ikacheza kwa siku mbili wimbo wa kuonya watu juu ya mabomu, wenye kiitikio kinachosema lala ndani yake kila siku. Hakuna aliyelalamika. Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, na sikujiuliza ni muziki gani huo ambao mtu anaweza kuubadilishia moyo na mwili usijue.

Jumamosi walikuja Wakenya wenzangu wa benki na hoteli, wamevaa mashati ya pasi, kurekodi nyimbo za injili kwa namba mbili. Walinisifu. Walisema sauti zao hazijawahi kuwa safi vile. Nilikuwa na programu kwenye kompyuta ya kunyoosha sauti: aliyepanda juu mno nilimshusha, aliyechelewa nilimvuta mbele, kikohozi nilikifuta. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kunyoosha hata wasiohitaji kunyooshwa.

Sasa yule dada. Alikuwa akipika kwenye kibanda cha chakula kule Nyakuron, karibu na ukumbi ambako bendi zilifanya mazoezi. Sisi wa muziki tulikula kwake asida, ugali wa kule, na samaki, na tulimjua kwa sababu aliimba akisonga, na alichelewa. Yaani alisubiri mdundo upite, ndipo akaingia, kama mtu asiyetaka kugombania mlango. Mimi ilinikera. Vidole vyangu vilitaka kumvuta mbele.

Alikuja studio asubuhi moja ya masika, amemshika mama yake mkono. Mama alikuwa mzee sana na macho yake yalikuwa yamefifia. Tulimkalisha juu ya jerikeni lililogeuzwa, mlangoni, apate upepo. Nilimuuliza dada namba ngapi. Aliniambia wana jambo, akaketi, akalieleza taratibu.

Wao walikuwa Waacholi wa vilima vya Magwi. Vita vilipowafikia, baba alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, na mama na dada walikuwa shambani. Kaka mdogo, wa miaka kama mitano, alikuwa nyumbani na majirani. Majirani walikimbilia mashariki, wao wawili wakakimbilia Uganda, na hawakuonana tena. Tangu amani ije walikuwa wametangaza jina lake redioni mara nyingi, bila mafanikio. Dada alidhani sababu ni kwamba mtoto wa miaka mitano hupewa jina na ukoo wa waliomlea, na akikua hajui kama aliwahi kuwa na jingine. Lakini palikuwa na kitu ambacho asingeweza kukisahau.

Kwao kila mwenye nyumba alikuwa na pembe yake ndogo ya swala na mwito wake mwenyewe, ambao mwingine hakuruhusiwa kuupuliza. Baba yao alipotoka mawindoni aliupuliza akiwa bado mbali, na watoto waliitikia kutoka uani kwa midomo, mara mbili fupi. Pembe iliungua na nyumba. Mwito ulibaki nao.

"Fundi, mimi iko na wimbo moja tu," alisema. "Mimi hapana taka kuwa staa. Mimi nataka ndugu yangu nasikia. Mama iko mzee."

Akakunja viganja mdomoni akauita. Sauti tatu fupi. Kisha kimya, kirefu hivi kwamba nilidhani amemaliza na nikanyoosha mkono kuzima kompyuta iliyokuwa ikinasa. Ndipo ikaja ya nne, ndefu, ikishuka taratibu na kukatika kabla haijafika chini. Mlangoni, yule mama juu ya jerikeni aliinua uso.

Kisha akauimba wimbo wenyewe, wa kumwita ndugu yake arudi, na bosi aliupenda. Alisema maneno yawe ya Kiarabu cha Juba, siyo Kiacholi, ili watu wote wanunue, na yule anayeitwa arudi nyumbani awe mpenzi, kwa kuwa mpenzi kila mtu anaye au anamtaka. Namba nne. Dada alikubali yote hayo, mradi mwito ubaki mwishoni.

Tulirekodi kabla ya saa sita. Siku tatu nilikaa na mwito ule kwenye kompyuta. Haukukaa popote. Kile kimya cha katikati kilikuwa kirefu kuliko mapigo mawili na kifupi kuliko matatu, na ile sauti ndefu haikufika kwenye noti yoyote ya kinanda. Nilijaribu kuuacha, nawaambia kweli, na kila mara biti iliendelea na mwito ukabaki nyuma, ukionekana kama kosa. Basi nikaurekebisha. Kimya nikakipunguza kikawa mapigo mawili kamili. Sauti ya mwisho nikaishusha mpaka ikafika. Kisha, kwa kuwa ilipendeza, nikaunakili na kuuweka baada ya kila ubeti, mara nne.

Alipokuja kusikiliza alivaa hedfoni kwa mikono miwili. Mwito ulipopita mara ya kwanza alinitazama. Alisubiri mara ya pili, akazivua.

"Hii hapana baba," alisema. "Baba alikuwa anapumua hapa."

Akaniambia baba alikuwa na kifua kibovu. Baada ya zile tatu ilibidi avute pumzi, na ya nne ilimwishia njiani. Nilimjibu, na nakumbuka nilivyojisikia mjanja kwa kulipata jibu lenyewe: "Dada, redio haichezi pumzi." Nikamweleza kwamba mtangazaji akisikia kitu kimechelewa atadhani CD imekwama. Hilo lilikuwa kweli, ndilo linaloniudhi. Ningeuacha ulivyo, pengine usingefika hewani hata siku moja. Alitazama mlangoni, mama alipokuwa amekaa siku ile, ingawa siku hiyo hakuwa amekuja.

"Sawa," alisema. "Kama redio itacheza, sawa."

Redio ilicheza. Ilicheza asubuhi, mchana, baada ya habari. Waendesha bodaboda waliufanya mlio wa simu. Jumapili alasiri pale Nyakuron watu waliucheza hadi chini, na ulipofika mwito, ukumbi mzima ulikunja viganja mdomoni na kuuiga, kila mtu kwa wakati mmoja kabisa. Nilisimama nyuma ya spika nikaona raha ambayo sijaipata tena kazini. Nasema ukweli: sijawahi kuupenda mji kama nilivyoupenda Juba siku ile.

Wiki chache baadaye, akinipakulia chakula, dada aliniambia kwamba mama alipousikia mara ya kwanza kwenye redio ya jirani aliuliza hiyo ni pembe ya nyumba gani. Alipoambiwa, alisema hapana, huyo ni mgeni. Nilicheka. Nikasema masikio ya wazee nayo yana safari zake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu langu lilikuwa bado zima, nikaomba niongezewe samaki.

Halafu wakaanza kuja wengine, wakitaka namba nne yenye ile pembe. Bosi aliniuliza kama inawezekana. Ilikuwa rahisi: niliukata mwito, nikauhifadhi peke yake, nikauandika "pembe", na baada ya hapo nikawa nauchomeka popote. Tuliuweka kwenye nyimbo saba. Bosi akaongeza mstari kwenye karatasi ya ukutani: Nne B, mapenzi na pembe.

Dada aliusikia kwenye wimbo wa kijana mmoja aliyekuwa akisifia kiuno cha msichana wake. Alikuja kwa miguu kutoka Nyakuron, na aproni yake. Hakupandisha sauti. Alisoma ile karatasi, akanigeukia.

"Sasa baba anaita nani?" aliuliza.

Nililifuta faili lile la pembe siku hiyo hiyo, nikabakiza rekodi ya kwanza tu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nyimbo saba zilikuwa mitaani. Kwa muda sikwenda kula kwake. Nilijiambia ni kwa sababu ya mvua na matope.

Mama yake alifariki kiangazi kilichofuata. Dada aliniambia kwamba miezi ile ya mwisho, jua likianza kuteremka, mama alijikokota hadi mlangoni, akakunja viganja, akaita yeye mwenyewe, maana redio hakuiamini. Majirani walidhani akili imemtoka. Sauti haikufika hata barabarani. Bosi alifunga studio, tukachanga mafuta ya lori, tukampeleka Magwi akazikwe kwenye kiwanja chao cha zamani.

Njia ya kwenda huko, na ya kwenda Gulu nilikonunua CD tupu kila baada ya wiki chache, hupita Nesitu, ambako malori husimama. Pale palikuwa na fundi wa pancha niliyemzoea kwa sababu aliongea Kiswahili cha kwetu. Alikulia kambini Kakuma, na tulipokutana alinisalimia kwa Sheng, nikafurahi kama niliyepata barua kutoka nyumbani. Alikuwa mtu wa utani. Ukimuuliza kwao ni wapi alisema yeye ni mtoto wa shirika, kadi yake ya chakula ndiyo ukoo wake. Vijana wengi walikuwa na hadithi ya namna hiyo. Huwezi kumhoji kila mmoja. Redio yake ndogo ilining'inia kwenye nguzo, na wimbo wetu ulipopigwa aliongeza sauti. Nilipomwambia kwamba mimi ndiye niliyeutengeneza hakuniamini, halafu akaniamini, na tangu siku hiyo hakukubali kunitoza pesa ya pancha. Alikuwa akisema, "Buda, hii ngoma ni moto," huku akiuiga ule mwito pamoja na redio, kama walivyofanya watu wote.

Miezi miwili hivi baada ya mazishi, tairi la pikapu ya bosi lilipasuka karibu na hapo. Ilikuwa alasiri. Laptopu ya studio ilikuwa nami, na katika kungoja nikataka kumwonyesha ufundi wangu. Sikuwa na nia nyingine. Natamani ningeweza kusema nilikuwa nayo. Nilimwambia, njoo usikie ulivyokuwa kabla sijausafisha, utacheka. Nikaiweka laptopu juu ya boneti na kucheza ile sauti ya kwanza ya dada, tupu, bila biti.

Alikuwa ameinamia tairi na mtarimbo mkononi. Zikapita zile tatu. Kikaja kimya. Alisimama wima. Ikaja ya nne, ikashuka, ikakatika, na yeye akadondosha mtarimbo, akakunja viganja vyake vyenye grisi, akajibu mara mbili fupi.

Kisha akanitazama kama mimi ndiye niliyemtoa ile sauti kooni. Nilimuuliza amejifunza wapi. Alisema hajui, imetoka tu. Akaniambia nirudie. Nilirudia, na akajibu palepale. Mara ya tatu hakujibu. Aliketi juu ya tairi.

"Hapo huwa anapumzika kidogo," alisema, "halafu anamalizia. Huyu ni nani?"

Nilimpeleka Nyakuron kwa tairi la akiba. Njia nzima alikuwa akiniuliza mambo. Nilimwambia tu kwamba ana dada. Kuhusu mama sikusema, niliogopa, basi.

Dada alikuwa akisugua masufuria. Aliona uso wangu kwanza, kisha wa yule aliyekuwa nyuma yangu, na sijui aliona nini humo kwa kuwa hakukimbia wala hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye aproni. Akaita. Kaka yake akajibu. Walisimama hivyo, sufuria katikati yao, mpaka wateja wakaacha kula, ndipo dada akalia, nami nikaenda nje nikalia nyuma ya kuni.

Niliporudi walikuwa wamekaa kwenye benchi, na dada alikuwa ameshamwambia kuhusu mama. Kaka alikuwa akimfariji. Hakujua anachosema, maskini, alitaka tu kumpa kitu kizuri.

"Wimbo wako naujua wote, dada," alimwambia. "Mwaka mzima nimeucheza. Kila siku."

Dada aliinua macho akaniangalia. Afadhali angenitukana.

Wiki iliyofuata alituma mtu studio kuniambia wanakwenda Magwi, na kwamba nije na mashine. Nilibeba kinasa sauti kidogo kilichotumia betri. Kaburi la mama lilikuwa bado halijaota majani. Hapakuwa na watu wengi: wao wawili, wazee kadhaa wa pale, mimi. Dada alinionyesha mahali pa kusimama, akangoja niwashe. Kisha, kabla hajamwashiria kaka yake aanze, alinijia karibu.

"Fundi," alisema. "Hii usitengeneze."

Kaka alisimama upande wa miguu ya kaburi na kuita, mwito mzima wa baba yake. Alivuta pumzi pale pa kuvutia pumzi, ingawa kifua chake ni kizima. Dada akaitikia.

Studio ile haipo tena, na bosi, nasikia, anauza saruji. Biti zetu zilipitwa na nyingine, nazo zikapitwa. Ile sauti ya kaburini bado ninayo. Nimeihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine miaka yote hii, na nikiwa peke yangu huifungua. Kuna jogoo ndani yake, lori linalobadilisha gia mlimani, na mzee mmoja anayekohoa mahali pabaya kabisa. Dada anachelewa kuitikia, anachelewa sana. Sijaigusa.